Taa nne za kijani zinanidanganya, naomba mnirekebishie geji ya gesi

Kwa Meneja,

Assalam aleikum. Mimi ni dereva wa teksi hapa Mombasa, gari yangu ni Probox, nyinyi ndio mlionifungia mfumo wa kutembelea gesi badala ya petroli mwezi wa tatu na karatasi ya waranti ninayo, haijaisha. Nimepiga simu mara nne, nimekuja hapo mara mbili, kila nikija fundi ananambia taa za gesi ndivyo zilivyo, nizoee tu. Siwezi kuzoea, ndio maana naandika.

Shida ni geji. Ile swichi mliyoibandika kando ya usukani ina taa nne za kijani na moja nyekundu. Tangi ni lile la duara la lita 50, liko pahali pa tairi la spea, na najua halijazwi lote, vali inafunga kwa asilimia 80 ili gesi ipate nafasi ya kutanuka na joto letu hili, kwa hivyo ni lita 40 hivi. Hapo sina neno. Neno langu ni kwamba taa nne zinawaka karibu safari nzima halafu zinaanguka zote pamoja.

Nilishika daftari nikaandika. Nikajaza, nikarudisha kilomita sifuri, nikatoka. Kilomita 100 taa nne. 200 taa nne. 290 bado nne! 305 zikawa mbili, zikiwa tatu hata sikuziona, 330 nyekundu, na 338 swichi ikaanza kulia gari ikarudi kwenye petroli. Nimejaza mara tatu na mara zote tatu imekuwa hivyo hivyo. Nikishuka pale Likoni kuingia feri, gari imeinama mbele, taa huruka zikapanda zikashuka, hiyo naielewa, gesi imeegemea upande mmoja na floti, yaani kile kiboya cha ndani ya tangi kinachopima gesi, inaifuata. Lakini nimepima barabara ya Mtwapa, mteremko uko wapi pale?

Wiki iliyopita nimebeba mama mmoja kutoka Bamburi anawahi ndege, taa tatu zinawaka kabisa naziona kwa macho yangu, tumevuka daraja la Nyali, tumepita Makupa, kufika Kibarani kilio kikaanza, gari ikahamia petroli, na petroli yenyewe ilikuwa kidogo kwa sababu kijana wenu wa mauzo alinambia niweke ya kuwashia tu. Ikazima katikati ya barabara, malori ya bandarini yanapiga honi nyuma yetu. Yule mama alipanda boda na sanduku amelipakata, sikuchukua hata senti yake, na sikuwa na uso wa kumtazama.

Nikapiga simu hapo kwenu, nikaambiwa niwe naangalia presha ya tangi. Jamani. Hii gesi yetu ni ya maji, ile ile ya kupikia, presha haishuki kwa kuwa imepungua, inabaki pale pale maadamu bado kuna maji ndani, inategemea joto tu. Mke wangu akitaka kujua mtungi wa jikoni umebaki kiasi gani anaunyanyua, haangalii moto. Presha inasaidia wale wenye gesi asilia iliyoshindiliwa, sio sisi.

Fundi mwengine alifungua buti mbele yangu akatoa kifuniko cha vali, akanionyesha ile sensa ndogo ambayo floti inaizungusha. Akanambia sensa ziko za aina nyingi, na kwenye kompyuta ya mfumo lazima ichaguliwe aina yake halafu kila taa ipangiwe kiwango chake cha kuzima. Yangu imeachwa kama ilivyotoka kiwandani. Kazi ya kuchomeka waya na kupanga haimalizi hata saa moja, na miezi yote hii naambiwa nizoee!

Halafu kuna pampu ya petroli. Iko ndani ya tangi na petroli ndiyo inayoipoza, na kwenye gari yangu inazunguka hata nikiwa natembelea gesi kwa vile hamkuifungia kitu cha kuizima. Kukaa na petroli ya kuwashia tu kumeiunguza. Kabla ya kunipa ushauri ule mngeniambia nisishuke chini ya robo, ningeweka, mimi si mtu wa kubishana na fundi.

Nataka mpange taa zangu upya kulingana na tangi langu, mnilipe pampu niliyonunua (risiti ninayo), na kila dereva mnayemfungia aambiwe habari ya petroli kabla hajatoka geti, maana stejini kwetu wengi washaanza kufunga na wote wamepewa maneno yale yale.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitaleta gari ikiwa na tangi limejaa, na daftari nitakuja nalo. Naomba awepo fundi mwenye kompyuta.

Wenu mteja,
Dereva wa Probox, Kisauni