Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula, na Habari za Vile Vimraba

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Tanga.

Kwa wazazi na walezi wote,

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA KAZI YA LIKIZO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu nyote, na wenye wagonjwa nyumbani nawapa pole. Muhula umekwisha salama. Ripoti za mitihani watoto wanazo mkononi. Naomba ripoti isomwe yote. Wengi wetu macho yanakimbilia kwenye nafasi ya mtoto darasani kisha karatasi inakunjwa, wakati mwalimu wa darasa amekesha akiandika yale maoni.

Sasa nije kwenye jambo lililonipatia simu nyingi muhula huu kuliko hata mchango wa chakula: vile vimraba vyeusi. Wazazi wa Darasa la Tano na la Sita mmeuliza kwa nini mtoto anarudi na karatasi aliyoipaka penseli mpaka vidole vimekuwa vyeusi, na anasema ndiyo hisabati. Baba mmoja aliuliza kikaoni kama shule imeanza kufundisha watoto kubeti, maana aliona namba zimepangwa pembeni, akadhani wanabahatisha. Wengine mlicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki, na ninalijibu hapa.

Hakuna kubahatisha hata kidogo. Lile ni fumbo la picha. Mtoto anapewa karatasi ya miraba iliyo tupu, na namba juu ya kila wima na kando ya kila mlalo. Namba inamwambia ni vimraba vingapi vinavyofuatana vya kupaka rangi. Zikiwa namba mbili, basi ni mafungu mawili, na kati yake lazima pabaki kimraba cheupe, japo kimoja. Akimaliza bila kukosea, picha inatokea.

Chukueni mlalo mmoja wa fumbo walilofanya, wenye vimraba 15 na namba 9 kando yake. Mtoto hajui fungu la vimraba 9 linaanzia wapi. Akilisukuma kushoto kabisa, linachukua kimraba cha 1 hadi cha 9. Akilisukuma kulia kabisa, linachukua cha 7 hadi cha 15. Kumbe popote litakapokaa, kimraba cha 7, cha 8 na cha 9 hakiepukiki. Anavipaka hivyo vitatu kwa uhakika, vingine anaviacha, kisha anahamia kwenye wima zinazopita hapo kuona sasa zinamwambia nini. Mwanafunzi anayepaka kwa kukisia hujikuta amekwama katikati ya karatasi, na mwalimu wetu wa hisabati hamsaidii. Anampa kifutio tu.

Mafumbo haya yalianzia Japani mwaka 1987. Bi. Non Ishida, aliyekuwa mhariri wa michoro, alishinda shindano mjini Tokyo kwa kuchora picha kwa kutumia madirisha ya ghorofa refu, mengine yamewashwa taa na mengine yamezimwa. Wakati huohuo mtunga mafumbo Tetsuya Nishio alikuwa amefikia wazo lilelile kwa njia yake, bila wawili hao kuwasiliana. Yakafika Uingereza, na kuanzia mwaka 1990 gazeti la The Sunday Telegraph likawa linayachapa kila wiki. Hata jina wanalolitumia watoto, nonogramu, limetokana na jina la huyo mama. Kwa wanaodhani ni mchezo wa watoto wadogo, niongeze kwamba mafumbo haya yakiwa makubwa huisumbua hata kompyuta.

Fumbo lililozua mjadala hapa shuleni lilikuwa na milalo 20 na wima 15. Darasa la Sita walilimaliza, miraba yote sahihi, na hakuna aliyejua wamechora nini. Juu kulikuwa na mpini, chini yake gurudumu lenye kishikio ubavuni, na chini zaidi vitu viwili vilivyovimba kama balbu, vimesimama sambamba. Mmoja akasema ni feni. Mwingine akasema ni pikipiki imegeuzwa. Kijana ambaye baba yake ni seremala akasema ni keekee ya kutobolea mbao, na huyu hakuwa mbali, kwa sababu keekee ya mkono huzungushwa kwa magurudumu ya meno ya aina ileile.

Mwalimu hakuwaambia jibu. Aliwaagiza waende na karatasi nyumbani, wawaulize wakubwa. Siku iliyofuata bibi wa mwanafunzi mmoja alifika ofisini kwangu na kitu amekifunga kwenye kanga. Alipofungua, ilikuwa mashine ya mkono ya kupigia mayai, aliyorithi kwa mama yake. Mpini umeshika kutu kidogo, lakini ukizungusha inaimba. Nikamwomba aende nayo darasani, na kipindi cha hisabati siku hiyo kikawa chake.

Watoto wakahesabu meno. Gurudumu kubwa lilikuwa na 60, na kila kigurudumu kidogo kinachozungusha kipigio, yaani ile balbu ya chini, kilikuwa na 12. Mkono ukizunguka mara moja, kipigio kinazunguka mara tano, na vipigio viwili hivyo vinakwenda kila kimoja upande wake. Uwiano, mada ambayo darasa hili lilikuwa linaipiga chenga tangu mwanzo wa muhula, ulieleweka hapo. Mashine ya namna hiyo si ya jana. Ralph Collier wa Baltimore, Marekani, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kipigia mayai cha kuzungusha mwaka 1856, na mwaka 1870 Turner Williams alipata hataza ya ile iliyokuja kuuzwa kwa jina la Dover, ikajulikana mno huko hata vitabu vya mapishi vikawa vinaandika Dover tu na kila mtu anaelewa.

Bibi yeye hakuwa na habari na Baltimore. Alizungumzia mkate wa mayai. Aliwaeleza kwamba mayai na sukari hupigwa mpaka vinakuwa vyeupe na vizito, ndipo unga unachanganywa taratibu pamoja na hiliki, na ole wake atakayekoroga kwa nguvu baada ya hapo. Mtoto mmoja akauliza hamira inatiwa saa ngapi. Haitiwi. Kinachouinua mkate ni hewa iliyonaswa kwenye povu la mayai, ambayo ikipata moto hutanuka, na mwenye kukoroga kwa nguvu anaitoa hewa yenyewe. Halafu sufuria inawekewa makaa chini na makaa juu ya mfuniko, ya juu yakiwa mengi kidogo. Mwalimu wa sayansi, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anapita, aliingia akakaa.

Kwa hiyo kazi ya likizo kwa Darasa la Tano na la Sita ni hii. Kila mwanafunzi atafute nyumbani, au kwa bibi na babu, kifaa kimoja cha zamani cha jikoni: mbuzi ya kukunia nazi, chekecheke, kinu na mchi, kibao na mti wa kusukumia chapati, chuma cha vitumbua, chochote. Aulize kinatumikaje. Kisha akichore kwa kupaka miraba kwenye daftari la hesabu, 10 kwa 10, na aandike namba zake kwenye karatasi nyingine bila picha. Hiyo karatasi ya namba ndiyo atakayokuja nayo, na mwenzake atalifumbua fumbo hilo.

Wazazi mnaotaka kusaidia, sehemu ngumu si kuchora. Ni kuhakikisha fumbo lina jibu moja tu. Jaribuni miraba minne, miwili kwa miwili, kila mlalo na kila wima ina namba 1. Mtaona unaweza kupaka pembe hii na ile ya mkabala wake, au zile nyingine mbili, na namba zote zikatimia. Fumbo la hivyo halifai, linarudishwa kwa mwenyewe. Ombi langu moja: msiwape simu zenu watafute picha iliyokwisha tengenezwa. Mwalimu anazijua, na vifaa vya jikoni vya Tanga anavijua pia.

Wale ambao nyumbani hakuna kifaa cha zamani wasinunue kitu. Jirani anacho.

Mambo mengine kwa ufupi. Mchango wa chakula cha mchana bado unadaiwa kwa baadhi ya familia. Mwenye uzito aje tuzungumze, mlango wangu hauna foleni wiki ya kwanza, na mahindi na maharage yanapokelewa badala ya fedha. Vitabu vya maktaba vilivyoko majumbani virudi siku ya kufungua. Sare zilizochanika zishonwe sasa, mafundi wakiwa hawajazidiwa na kazi. Watoto wa mitaa ya ufukweni wasiachiwe kwenda kuogelea bila mtu mzima.

Na yule bibi amekubali kurudi muhula wa pili kupika mkate wenyewe mbele ya darasa. Tunahitaji mzazi wa kutuazima jiko la mkaa na sufuria nzito yenye mfuniko bapa. Mwenye navyo amwone mwalimu wa hisabati kabla hajasafiri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu