Idrisa, hiyo barua ya kuacha kazi usiipeleke

Ndugu yangu Idrisa,

Salaam nyingi, huku sote wazima. Salamu zingine tutapeana siku ya siku, maana ujumbe wako umenikosesha usingizi. Ati umeshaandika barua ya kuacha kazi, unaipeleka Jumatatu, umechoka kungoja makaratasi ya ukaazi wa kudumu wa Marekani, ile green card, unarudi ukapumzike. Usiipeleke.

Pale uliposema wakili amekuweka foleni ya India nilicheka kwanza. Wewe, mtoto wa Mzee Mbaruku! Halafu nikakumbuka ulizaliwa Pune, India, mzee akiwa masomoni, kicheko kikaniishia. Hawa Wamarekani hawaangalii pasipoti, wanaangalia ulipozaliwa. Viza za ukaazi wa kudumu kwa njia ya ajira ni kama 140,000 kwa mwaka, na humo wamo wake, waume na watoto. Kisha hakuna nchi inayotakiwa kuvuka asilimia 7. Sisi Watanzania tuko wachache, mpaka huo hatuufikii. India wanaugonga kila mwaka. Kazini kwangu yupo bwana wa Hyderabad aliyeingia foleni kabla mimi sijakanyaga nchi hii, na hadi leo kila mwezi anafungua ile taarifa ya viza inayosema foleni imefika tarehe gani, kama mzazi anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Sasa niambie, shemeji Zuhura kazaliwa wapi? Si Tanga? Wakili hakuuliza?

Sheria inakuruhusu uhesabiwe kwa nchi aliyozaliwa mkeo, mradi muombe pamoja. Tarehe yako ya kuingia foleni ni Mei 2019, daraja la pili la viza za ajira. Kwa mzaliwa wa India tarehe hiyo bado mtoto mchanga, kwa mzaliwa wa Tanzania zamu yake ilishafika kitambo. Yaani unabisha hodi mlangoni na mwenye ufunguo unalala naye kitanda kimoja! I-140 yako, lile ombi la mwajiri kwa ajili yako, haiguswi. Mnajaza I-485, fomu ya kuomba huo ukaazi mkiwa humuhumu nchini, wewe, yeye na mwanenu Raya, kila mtu yake, mnaambatisha cheti cha ndoa na cheti chake cha kuzaliwa, na wakili anaandika waziwazi kwamba mnaomba kuhesabiwa Tanzania. Kipo pia kifungu cha mtu aliyezaliwa mahali ambapo wazazi wake walikuwa wapita njia tu, ila hapo utaanza kuthibitisha makazi ya mzee ya miaka ile, na mzee mwenyewe hata risiti ya jana hana. Shika la Zuhura.

Mimi ninayekuhubiria nilijifanya mjanja, unajua. Kampuni ile ya kwanza ilikwenda hadi wizara ya kazi, ikatoa yale matangazo mawili ya gazeti la Jumapili kumtafuta Mmarekani wa kuchukua kazi niliyokuwa naifanya mwenyewe. Nililinunua gazeti. Nikasoma sifa zinazotakiwa, nikasema kweli huyu mtu anafaa. Kisha bosi akanitibua siku moja, nikaondoka kabla I-140 haijapitishwa. Kumbe kibali kile ni cha mwajiri, si changu. Nikaanza sifuri, miaka miwili na nusu ikaenda na maji, na bosi mwenyewe nadhani hata jina langu kashalisahau.

Wewe I-140 yako imepita, kwa hiyo tarehe yako inabaki yako hata ukihama. Hilo nakubali. Lakini mwajiri mpya ataanza tena na wizara, matangazo, yote yale, na miaka yako sita ya H-1B, ile viza ya kazi ya muda, ilishakwisha, unaishi kwa nyongeza. Na wewe hata huhami, unaondoka! Raya ana 16. Ukiganda foleni ya India atavuka 21, wamtoe kwenye faili lako, aanze kujitafutia njia yake peke yake.

I-485 iingie kwanza. Ikitimiza siku 180 unaweza kumwacha huyo bosi wako na makelele yake ukafanye kazi ya aina ileile kwingine, bila kurudi mwanzo. Ni miezi sita. Umemvumilia miaka mingapi? Hasira zako nazijua tangu ile siku ya basi pale Korogwe, na tulitembea kwa miguu mpaka usiku kwa sababu yako, sijasahau.

Salim kapata mtoto wa kiume, jina bado wanagombania. Nilitaka kukuhadithia na habari za Mwanaidi lakini hizo zinataka simu.

Haya, nijibu haya. Cheti cha Zuhura mnacho hapo, au kimebaki Tanga kwa mama yake? Ni cha RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi, au kile cha zamani cha mkono? Cha ndoa mlichukua cha serikali, au mnacho cha shehe tu? Nyongeza yako inaisha mwezi gani? Wakili huyo ni wako au wa kampuni, na mara ya mwisho mmeongea lini, si kwa barua pepe, kwa mdomo? Na Zuhura anajua habari ya Jumatatu, au ndiyo atasikia kwangu?

Nitapiga Jumapili usiku. Pokea.

Wako,
Hamisi