Utisho wa gemu haupimwi kwa damu

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu yakipanga orodha ya gemu za kutisha, kipimo huwa kilekile: damu imemwagika kiasi gani, mazombi ni wangapi, dude lina meno marefu namna gani. Naomba nafasi nikipinge kipimo hicho. Nyakati zinazomlowesha mchezaji viganja kwa jasho mara nyingi hazina chochote kwenye skrini. Kuna mlango uliofungwa, risasi mbili zilizobaki, na njia ndefu ya kurudia ikiwa utakufa kabla ya kuhifadhi ulipofikia. Mchezaji anaogopa kupoteza, na mtengenezaji ndiye anayepanga apoteze nini na lini.

Chukua mfano unaotajwa kuliko yote. Resident Evil ya Capcom, iliyotoka mwaka 1996 kwenye PlayStation ya kwanza chini ya uongozi wa Shinji Mikami, ina korido yenye madirisha. Unapita, mbwa anavunja kioo na kurukia ndani, kisha wa pili. Wanaosimulia husema mbwa ndiye aliyewashtua, lakini kazi kubwa ilikuwa imeshafanyika kabla yake. Kamera za gemu ile zimefungwa mahali pamoja, kwa hiyo huoni kilichoko nyuma ya kona hata kama mhusika wako anakitazama uso kwa uso. Mhusika mwenyewe hugeuka taratibu, na hawezi kutembea huku amelenga bastola. Ukimchagua Chris una nafasi 6 tu za kubebea vitu, Jill ana 8, na bunduki, risasi, dawa na funguo vyote vinagombea nafasi hizohizo. Ili uhifadhi gemu lazima uikute taipureta na uwe na utepe wa wino, na tepe hazitoshi kuhifadhi ovyo. Mbwa akiingia, kinachopita kichwani ni kazi yote uliyofanya tangu taipureta ya mwisho. Mhamishie mbwa huyohuyo kwenye gemu inayojihifadhi yenyewe kila baada ya chumba, hatamtisha mtu.

Capcom walipoitengeneza upya kwa ajili ya GameCube, mashine ya Nintendo, mwaka 2002, walijua wazee wa gemu hiyo wanaisubiri korido. Basi mara ya kwanza kioo kinapata nyufa tu, na hakuna kinachoingia. Mbwa wanakuja baadaye, ukiwa umeshaacha kuwawaza. Wakaongeza na ukatili mwingine: zombi uliyemwangusha bila kumpasua kichwa au kumchoma kwa mafuta ya taa huamka baadaye, mwenye kucha na kasi maradufu. Mafuta ni ya kupimia. Kwa hiyo unapita kando ya maiti uliyemuua mwenyewe, kila safari, ukijiuliza kama leo ndiyo siku yake.

Milango nayo ina mambo yake. PlayStation ile ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2, na CD husomwa polepole. Picha ya mlango unaofunguka gizani iliwekwa ili chumba kinachofuata kipate muda wa kupakiwa. Wachezaji wakazoea kwamba ukivuka mlango umeokoka, hadi mwaka 1999, Resident Evil 3 ilipomleta Nemesis, dude ambalo hufungua mlango na kukufuata. Mwaka huohuo Konami walitoa Silent Hill na kuufunika mji wake kwa ukungu, maana mashine haikuweza kuchora mtaa mzima kwa mara moja. Kisha wakamkabidhi mchezaji redio ndogo inayokwaruza dude likikaribia. Redio inakuambia kitu kipo, basi. Kiko mbele au nyuma, hiyo ni shauri yako.

Kwa maoni yangu, gemu iliyofika mbali kuliko zote katika ufundi huu ni Alien: Isolation, ya mwaka 2014, kazi ya Creative Assembly wa Uingereza, watu waliokuwa wakijulikana kwa gemu za vita vya majeshi za Total War. Kwa sehemu kubwa ya gemu unakabiliwa na dude kuu moja tu, huwezi kuliua, na likikushika umekwisha. Ujanja wake uko kwenye akili mbili zinazoliendesha. Ya kwanza haionekani: inajua daima mchezaji yuko wapi, nayo hulitupia dude fununu ya eneo la kupekua. Ya pili ni ya dude lenyewe, ambalo halijui uliko mpaka likuone au likusikie. Ile ya juu pia hupima ni kwa muda gani umebanwa, na shinikizo likizidi hulirudisha dude kwenye mabomba ya hewa upate kupumua. Ndiyo maana mchezaji anahisi anawindwa na kiumbe chenye mawazo yake, wala hawezi kukariri njia zake kama anavyokariri njia za askari wa gemu nyingine.

Angalia sasa vifaa anavyopewa, jinsi kila kimoja kilivyo na mtego. Kipimo cha mwendo kinaonyesha nukta ya kitu kinachosogea, lakini ukikiinua macho huganda kwenye kioo chake na chumba kilicho mbele hufifia, tena mlio wake unaweza kusikiwa dude likiwa karibu. Kabati linakuficha, ila dude likisogeza uso mlangoni inabidi urudi nyuma na kubana pumzi, na ukiibana mno afya inapungua. Silaha ya kurusha moto inalifukuza, lakini kadiri unavyoitumia ndivyo linavyozidi kuizoea. Hata kuhifadhi si salama: unachomeka kadi ukutani, unasubiri taa tatu ziwake moja baada ya nyingine, na katika sekunde hizo mgongo wako uko wazi. Kwenye PlayStation 4 na Xbox One kuna hata chaguo la kuwasha maikrofoni, sauti ya chumbani kwako ikawa inalifikia dude. Mwenye nyumba yenye watoto wadogo asilijaribu chaguo hilo.

Wengi hukwama katika hatua ya tano, hospitali ya San Cristobal, kwa sababu wanakimbia. Kukimbia kunasikika mbali. Kosa la pili ni kukaa kabatini muda mrefu: dude likishafika chumbani hupekua, na wewe huna pa kutokea. Ni afadhali kuchuchumaa nyuma ya kitanda au meza na kuizunguka kadiri linavyosogea. Tazama dari kabla ya kupita chini ya tundu la hewa. Ukiona ute unadondoka, zunguka. Na kama kuna watu wenye silaha wamekuziba njia, watupie kifaa cha kelele. Dude litakuja kuwamaliza, na wewe unapita.

Amnesia: The Dark Descent, ya Frictional Games wa Sweden, mwaka 2010, ilimnyang'anya mchezaji silaha kabisa. Giza linamla akili, taa inaliondoa giza lakini inakuanika, na kulitazama dude nako kunapunguza akili. Sehemu yake ya handaki lililojaa maji inastahili kusomwa na kila anayetaka kutengeneza gemu: adui haonekani, unachoona ni maji yanayoruka kwa hatua zake. Unaokoka kwa kuruka kutoka sanduku hadi sanduku, na kwa kutupa vipande vya nyama upande wa pili ili aende huko. Milango ya gemu hii hufunguliwa kwa kushika kipanya na kuvuta au kusukuma kweli. Mtu mwenye hofu huvuta mlango wa kusukuma, na kifo chake kinaanzia hapo. Pedi yenye kitufe kimoja cha "fungua" isingeweza kumfanyia hivyo.

Project Zero ya Tecmo, Japani, mwaka 2001, ilikwenda kinyume: silaha ni kamera ya picha, na pigo huwa kubwa zaidi ukimsubiri mzimu akaribie na kumpiga picha wakati ule anaokurukia. Sheria ya gemu inakulazimisha umtazame. Wenye tabia ya kufumba macho hawaimalizi.

Kwa wazazi, hapa ndipo kipimo cha damu kinapowaponza. Wanakagua kasha, wanaona alama ya 18 ya PEGI, mfumo wa Ulaya wa kuonyesha umri unaofaa gemu, wanakataza, na ni sawa. Lakini Minecraft ina alama ya 7, na wako watoto wanaolala taa ikiwaka kwa sababu yake. Mapango yake hutoa sauti za ajabu penye giza hata kama hakuna adui. Adui aitwaye Creeper huja kimyakimya, anafoka kwa sekunde moja na nusu, kisha analipuka na nyumba aliyoijenga mtoto. Tangu mwaka 2022 kuna dude liitwalo Warden chini kabisa ardhini, kipofu anayefuata mitetemo na harufu, mwenye alama 500 za afya dhidi ya 20 za mchezaji. Dawa yake ni kuchuchumaa unapotembea, kutandika sufu njiani kwa kuwa hunyonya mtetemo, na kurusha mpira wa theluji mbali ili umvute kando. Subnautica, iliyokamilika mwaka 2018, haina zombi wala mtutu wa kulipulia maadui, lakini kuogelea usiku karibu na meli ya angani iliyoanguka huku mngurumo wa dude liitwalo Reaper unasikika na mwenyewe haonekani kumewashinda watu wazima.

Kuhusu namna ya kucheza, makosa ni yaleyale. La kwanza ni mwanga. Gemu nyingi huanza kwa kukuonyesha alama tatu na kukuambia uongeze au upunguze hadi mojawapo ikaribie kupotea. Watu hupandisha hadi mwisho, weusi unageuka kijivu, na picha inaharibika. Fanya hivyo chumba kikiwa na mwanga uleule utakaochezea, na zima kwenye runinga ile mipangilio inayobadilisha mwangaza yenyewe. Washa hali ya gemu (Game Mode) ya runinga, kwani bila hiyo pedi huchelewa kuitika na utalaumu mikono yako.

La pili ni sauti. Kimya kingi kina mshindo mkuu: mtengenezaji huishusha sauti makusudi ili upandishe mwenyewe, halafu anaiachia. Pima sauti kwa maongezi ya wahusika, si kwa hatua za adui, na ukiwa na hedifoni usivuke nusu. Gemu yenye chaguo la sauti za usiku itakupunguzia tofauti kati ya mnong'ono na kishindo. Spika za runinga nyembamba hupoteza besi na mwelekeo, na katika banda la gemu, penye wenzako wanashangilia mpira kwenye skrini ya pili, hakuna gemu ya kutisha itakayofanya kazi. Hilo ni banda, si kosa la gemu.

Kama umeme wa mtaani kwenu una tabia ya kukatika, usiamini kialama cha kujihifadhi peke yake. Umeme ukikatika kinapozunguka, faili inaweza kuharibika. Weka nakala mbili tofauti pale gemu inaporuhusu. Mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga unaomweka aziepuke gemu zenye taa za kupepesa, na anayepata kichefuchefu aongeze upana wa uwanja wa kuona, kisha azime mtikisiko wa kichwa.

Na kwa vijana wanaotengeneza gemu hapa nyumbani: msiogope kukosa fedha za picha nzuri. Five Nights at Freddy's ya mwaka 2014 ilitengenezwa na mtu mmoja, Scott Cawthon. Mchezaji hatembei kabisa: amekaa ofisini kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri ya gemu, na milango, taa na kamera vyote vinakula asilimia ya umeme ileile. P.T., gemu fupi ya kuonjesha iliyowekwa mtandaoni Agosti 2014 na kuondolewa na Konami Aprili 2015, ilikuwa karibu yote korido moja yenye kona, unayoirudia tena na tena, kila mara kitu kidogo kimebadilika. Anzeni na chumba kimoja. Mpeni mchezaji kitu kimoja anachokihitaji kisichotosha. Tengenezeni sauti ya tishio kabla ya umbo lake, na iachieni isikike mara kadhaa bila kitu kutokea. Katika Thief: Deadly Shadows ya mwaka 2004, nusu ya kwanza ya jengo la Shalebridge Cradle haina adui hata mmoja, na ndiyo nusu inayokumbukwa. Umbo likitokea, litokee mara chache. Mshtuko wa ghafla ukirudiwa kila mlango, kufikia wa nne mchezaji ameshaujua mpangilio wake na anacheka.

Kwako Mhariri, ombi ni dogo. Mtakapochapisha tena orodha ya namna hii, kando ya jina la kila gemu wekeni mambo manne: mashine inayoichezesha, alama ya umri, kama mchezaji anaweza kuhifadhi popote au mahali maalumu tu, na kama ana silaha. Msomaji anayejua hayo manne ataamua mwenyewe kama aicheze usiku.

Msomaji wenu,
Tanga