Shukrani kwa dereva wa lori, uwanda wa Nullarbor, Australia

Kaka uliyesimamisha lori lako la matela mawili kati ya Balladonia na Caiguna, mimi na mzee wangu tunasema ahsante sana. Pale barabara imenyooka kilomita 146 bila kona, simu haishiki mtandao, na tairi la karavani yetu lilikuwa limechanika vibaya. Jeki ilizama kwenye changarawe. Ukaiwekea kipande cha ubao, ukafungua nati zilizoganda, ukatuachia na maji ya kunywa. Hela ukakataa! Hata jina hukututajia, una haraka ya kufikisha mzigo Adelaide. Ceduna tulifika salama, tukala chaza (mzee alionja mmoja tu, akakunja uso). Mungu akulinde, kaka, na akuepushie kangaruu wa usiku.