Muziki wa zamani nao ulikuwa na pumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba muziki umekufa na vijana wanapiga kelele tu. Nilikuwa fundi mitambo wa redio tangu enzi za santuri hadi kompyuta ilipotukuta kazini. Nililazimika kusikiliza kila wimbo ulioletwa, niupende nisiupende, na hapo ndipo ninapotofautiana naye.

Hiyo zamani anayoisifu imekwisha kupepetwa. Nyimbo za wiki hii bado zimo ungoni, mchele na pumba pamoja. Nyimbo mbovu za ujana wetu zilikuwa tele, ila hakuna aliyejishughulisha kuzihifadhi. Chukua mwaka 1969. Wapenzi wa muziki wakiutaja, watakusimulia tamasha la Woodstock na gitaa la Jimi Hendrix. Lakini wimbo ulioongoza chati ya mwaka mzima ya jarida la Billboard la Marekani ulikuwa "Sugar, Sugar" wa The Archies, bendi ya vikaragosi vya katuni ya televisheni! Walioimba hasa ni wanamuziki wa studio ambao mashabiki hawakuwaona. Sikatai, kiitikio chake kinanata. Ila huo nao ni muziki wa zamani.

Na manung'uniko haya si mapya. Mwaka 1816 gazeti la The Times la London liliushambulia mtindo wa waltz kuwa ni uchezaji usio na staha, watu wanakumbatiana mno. Siku hizi waltz huchezwa na wazee wenye heshima zao.

Upo pia utafiti wa Holbrook na Schindler wa mwaka 1989. Watu wa rika mbalimbali walipigiwa nyimbo za miongo tofauti, na kwa wastani zilizopewa maksi nyingi ni zile zilizovuma msikilizaji alipokuwa na miaka 23 au 24 hivi. Mwenzangu ajiulize alikuwa na umri gani muziki "ulipokuwa hai".

Hata hivyo, wanaosema "kila kizazi na muziki wake" kisha wakafunga mjadala wananikera zaidi yake. Yeye angalau anasikiliza. Yapo mambo yanayopimika. Mwaka 2012 watafiti wa Hispania walichapisha uchambuzi wa rekodi zaidi ya 460,000 za kuanzia 1955 hadi 2010, wakakuta sauti imezidi kupandishwa na milio imezidi kufanana. Hilo la kupandisha sauti nililiona kwenye sindano ya kipimo cha sauti. Miaka ya 1990 zilianza kuja CD ambazo ukizicheza, sindano inalalia upande mwekundu mwanzo hadi mwisho. Prodyuza ameibana sauti mpaka mnong'ono na mayowe vimelingana, ili wimbo wake usimezwe na unaofuata hewani. Baada ya saa moja masikio yamechoka na hujui kwa nini. Sasa, nani walikaa kwenye mitambo hiyo? Si vijana wa leo. Wengi walikuwa watu wa rika langu.

Wimbo kuwa mfupi nako hakukuanza jana. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba kama dakika 3 kila upande, na wanamuziki wakakata nyimbo zao zitoshee. Leo Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, huhesabu kuwa wimbo umesikilizwa ukishafika sekunde 30, na hesabu hiyo ndiyo inayoleta malipo. Nani basi atathubutu kuanza na gitaa tupu kwa dakika nzima? Anatanguliza kiitikio, na kwa hesabu za mfuko wake yuko sahihi. Mimi nasikitika, kwa sababu utangulizi mrefu ulikuwa starehe yangu kubwa (watangazaji pia waliupenda, ulifunika porojo zao). Lakini huzuni hiyo naielekeza kwa walioweka utaratibu wa malipo. Kijana ameukuta tayari.

Namwomba mwenzangu jambo moja. Achague mwaka wowote wa ujana wake, atafute chati kamili ya mwaka huo, asikilize kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mia bila kuruka hata mmoja. Akimaliza, atuandikie tena.

Wako,
Fundi mitambo mstaafu