Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Gharama za Kuchoma Mwili na Maandalizi Yetu

Ndugu wanachama,

Chama hiki tulikianzisha kiwe cha kufa na kuzikana, na kwa miaka mingi huko kuzikana kulikuwa na njia mbili tu: ama mwili upande ndege urudi nyumbani, ama tutafute kaburi hapa hapa Uingereza. Mwaka huu tumefikwa na misiba minne. Miwili ilikuwa ya ndugu zetu Waislamu, wakazikwa upesi kama dini yao inavyoagiza. Kwao suala la moto halipo, na chama hakitalileta. Mwili wa tatu tuliusafirisha hadi Moshi. Marehemu wa nne alitaka achomwe, na msiba huo ndio nitakaoueleza kwa urefu, kwa sababu ndani yake sisi viongozi tulikosea. Ada na hesabu za mfuko atazisoma mhazini.

Mzee wetu aliwaambia wanawe kwa mdomo kwamba achomwe na majivu yapelekwe Bukoba, akalale karibu na mama yake. Watoto walipotuuliza bei, tuliwapa ya chini kabisa tuliyoikuta. Hatukuuliza kwa nini ni ya chini. Kumbe ilikuwa bei ya uchomaji usio na ibada: kampuni ya mazishi inauchukua mwili hospitali, inauchoma siku na saa inayoipanga yenyewe, ndugu hawahudhurii, kisha majivu yanaletwa mlangoni. Dada yake marehemu alifika Alhamisi, begi lake lina khanga za kumfunika kaka yake. Kazi ilikuwa imekwisha tangu Jumanne. Nilikuwa nimekaa naye sebuleni alipoambiwa. Kampuni ilifanya kile ilichokiandika, ila sisi hatukukisoma. Nilikwenda kuiomba radhi familia ile nyumbani kwao, na leo naiomba tena mbele yenu.

Tangu siku hiyo kamati imejifunza, na haya ndiyo tuliyoyapata. Kwa mujibu wa ripoti ya SunLife, kampuni ya bima ya hapa Uingereza, iliyotoka mwanzoni mwa 2025, uchomaji usio na ibada uligharimu wastani wa pauni 1,597 mwaka 2024. Uchomaji wenye ibada, ndugu wakihudhuria, ulifika pauni 3,980, na kuzika kaburini pauni 5,198. Kwa hiyo kati ya bei mbili za moto kuna zaidi ya pauni 2,300, na fedha hizo ndizo zinazolipia kuagana: ukumbi, gari la maiti, wabebaji, saa ya ibada. Chakula cha wafiwa, maua na nauli za ndugu havimo.

Sisemi bei ndogo ni mbaya. Familia inayoijua na kuichagua inaweza kuagana na mpendwa wao kwanza kwa sala, au kuyapokea majivu na kufanya ibada kanisani kwa nafasi. Inayoumiza ni kuichagua bila kujua. Tena kumbi nyingi za kuchomea hutoza nafuu kwa saa za asubuhi mapema, na watu wetu, wanaokesha msibani, hawashindwi na saa tatu asubuhi.

Tangu Septemba 2021 kila kampuni ya mazishi inatakiwa kubandika orodha ya bei kwa mpangilio mmoja, dukani na kwenye tovuti yake. Ombeni orodha hiyo kwa kampuni tatu kabla ya kusaini popote. Ile ada ya daktari ya pauni 82 kwa fomu ya kuchoma ilifutwa England na Wales tarehe 9 Septemba 2024, basi mkiiona kwenye bili ulizeni. Marehemu akiwa na kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, semeni mapema, maana kikiingia motoni hulipuka na lazima kitolewe kwanza.

Anayepokea Universal Credit au Pension Credit, yaani misaada ya serikali kwa wenye kipato kidogo na wastaafu, anaweza kuomba serikalini msaada wa mazishi. Unalipia ada ya kuchoma au kuzika, na hadi pauni 1,000 kwa mengineyo. Mwisho wa kuomba ni miezi sita baada ya mazishi. Kwa wanaotaka kulipia mazishi yao mapema: tangu Julai 2022 biashara hiyo iko chini ya FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha Uingereza, na kampuni isiyo kwenye daftari lao msiipe hata senti.

Wapo wanaoniuliza kwa sauti ya chini kama jambo hili ni la Kiafrika. Manasses Kuria, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Anglikana Kenya, alichomwa Nairobi mwaka 2005, na Profesa Wangari Maathai mwaka 2011, kwenye jeneza la matete, mianzi na magugu maji kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Kanisa Katoliki limeruhusu tangu 1963, ila linataka majivu yakae mahali patakatifu, yasimwagwe. Kila mmoja azungumze na dhamiri yake na kiongozi wake wa dini.

Safari ya majivu ni nyepesi kuliko ya mwili, kwani ni kilo mbili au tatu hivi. Beba cheti cha kifo na cheti cha kuchomwa, chombo kiwe cha mbao au plastiki ili mashine ya uwanja wa ndege ione ndani, na uliza shirika la ndege na ubalozi kabla ya kukata tiketi.

Jambo la mwisho ndilo zito. Kwa sheria ya England, matakwa yako kuhusu mwili wako hayamfungi mtu. Mwenye uamuzi ni msimamizi wa wasia wako. Mchague anayekusikia, umwandike, na ndugu wa nyumbani wajulishwe ukiwa hai.

Kamati inaomba mkutano upitishe kwamba kila mwanachama ajaze fomu ya matakwa: kuzikwa, kusafirishwa au kuchomwa, nani aamue, nani asubiriwe. Hilo la nani asubiriwe tumeliongeza kwa sababu ya dada yule. Mimi na mke wangu tumeshajaza zetu, na nakala ziko kwa katibu.

Mwenyekiti