Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ujumbe wa Sauti Sasa Unabaki Tawini

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi nitazungumzia simu, maana mkutano uliopita mlizilalamikia sana, tena kwa haki.

Tulikuwa na seva moja ya ujumbe wa sauti, yaani kompyuta inayorekodi na kutunza ujumbe wa anayepiga simu asipojibiwa. Ilikuwa Moshi, ikihudumia pia matawi ya Mwanga, Same na Rombo. Ukipiga Same ukamkosa karani, sauti yako ilipelekwa kurekodiwa Moshi. Intaneti ikikatika, simu iliita tu mpaka ikakata. Wakati wa masika mama mmoja alipiga Same siku mbili mfululizo kuhusu mkopo wa ada ya mwanawe. Siku ya tatu alipanda basi, akamkuta karani hana habari yoyote. Nilimwomba radhi, na leo naomba tena mbele yenu.

Sasa kila tawi lina seva yake: kompyuta ndogo yenye Asterisk, programu huria ya kuendesha simu isiyodai ada ya leseni. Fedha zimekwenda kwenye vifaa, betri na fundi. Ujumbe unarekodiwa palepale tawini, intaneti iwepo isiwepo, na usiku nakala hutumwa Moshi. Zamani kila aliyeacha ujumbe alikula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenye laini ileile ya mfumo wa mikopo. Leo dakika moja ya ujumbe, ikibanwa, ni faili la kilobaiti 100 hivi, nalo linasubiri usiku.

Haikwenda sawa mara moja. Saa ya seva ya Rombo ilichelewa, ujumbe wa asubuhi ukasomeka wa usiku. Sasa seva zote zinachukua saa kutoka Moshi. Karani wa Same alipohamishiwa Mwanga kwa wiki moja, taa ya ujumbe kwenye simu yake haikuwaka, kwa kuwa kisanduku chake cha ujumbe kilibaki Same. Fundi ameziunganisha seva zipashane habari. Hata hivyo laini ikikatika, aliye safarini atasubiri irudi ndipo asikilize. Bodi imeona heri kuchelewa kuliko kupotea.

Jambo lililonisumbua zaidi ni namba za siri za kusikilizia ujumbe. Nyingi zilifanana na namba ya simu ya mezani ya karani, hivyo yeyote angeweza kusikiliza mambo ya mikopo yenu. Zote zimebadilishwa.

Betri ya Rombo haihimili umeme ukikatika kutwa nzima. Ombi la kununua ya pili liko kwenye ajenda namba 6, naomba mliidhinishe.